Makaburi ya Kipande cha Tisa

Kansanga,
14 Januari 2025

Baba Faizal,

Salamu nimeziacha mlangoni. Nina hasira, na wewe unanijua: nikianza kuuliza habari za nyumbani nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Jana nimekwenda kuona rasimu ya mpango mpya wa msitu wa Lwanseko, huo mpango wa miaka kumi mlioubandika ukutani kwenye ofisi ya kata ili sisi wananchi tuusome na kutoa maoni. Haya, nimesoma. Kijani ni msitu wa asili usioguswa. Njano ni sisi wenye leseni ya kupanda miti ya biashara ndani ya msitu wa serikali. Nikaitafuta njano yangu, kipande cha tisa, nikakuta zambarau. Nikamwuliza karani zambarau ndiyo nini. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Makaburi ya ukoo, nyabo. Sita."

Makaburi! Ya nani? Mimi nilipewa hekta ishirini za miiba na siafu. Nimezifyeka mimi. Mita tatu kwa mita tatu, mashimo elfu moja mia moja na kumi na moja kila hekta, fanya hesabu mwenyewe uone ni mangapi. Hakuna shimo lililogonga mfupa wala kigae. Na mistari yangu imenyooka, Baba Faizal, simama mwanzo utaona mwisho. Kungekuwa na kaburi, mstari ungepinda. Nani anapanda mkaratusi juu ya kifua cha mtu? Hata mimi Mbukusu niliyekuja Kampala na jiko la chapati, mgeni wa kila kitu, nisingethubutu.

Mpimaji wa timu hiyo ya mpango ni wewe. Ramani imetoka mkononi mwako, mkono ule ule ulionifundisha kusoma ramani juu ya boneti ya gari bovu, gereji ya kaka yako Kisenyi. Sasa nifundishe na hii.

Nimekupigia simu. Ameitikia mwanaume nisiyemjua, akasema, "Hamdun yuko kazini, sema shida yako." Nikakata. Ndiyo maana nampa barua Tresor, yule dereva Mkongo anayewaletea miche kambini. Mpe jibu huyo huyo.

Kitu kingine. Odyek, mlinzi wangu anayelala huko kwenye kibanda, anasema mwezi uliopita aliona watu wakishusha saruji. Nilimwambia ni ya mawe ya mpaka. Au nilimdanganya?

Nabangala (Mama Moreen)


Kambini, Lwanseko,
17 Januari 2025

Mama Moreen,

Barua imefika, nimeisoma chooni, nimeichoma. Na hii uichome.

Usinipigie tena. Simu zetu zimekusanywa, wanasema ni kwa usalama wa takwimu. Kuna bwana amehamia hapa, wote tunamwita Afande. Si mtu wa ofisi ya misitu. Anasema anawakilisha familia yenye makaburi. Kila siku ananunua mbuzi, nasi tunakula. Hatujui tukatae vipi.

Rasimu ni rasimu tu. Nakuomba uiache ipite. Njano utapewa mahali pengine, nitajitahidi inshallah.

Ila jambo moja nakuomba kama ndugu. Mtoe Odyek huko. Mpe likizo, mpeleke kwao Lira akaone wanawe. Wiki hii, si ijayo.

Salamu kwa Moreen.

Hamdun


Kansanga,
20 Januari 2025

Baba Faizal,

Mbuzi wa Afande ana mafuta? Maana naona yamekuziba mdomo.

Nisikilize. Mimi si mtoto. Unataka nimtoe Odyek, kisha? Kibanda kikikaa kitupu wiki mbili, wiki ya tatu nitaambiwa kipande cha tisa kilitelekezwa. Nimeona hivyo kwa jirani yangu wa kipande cha sita, alikwenda kuuguza mama yake, akarudi akakuta watu wameanika mihogo. Ardhi isiyo na mtu ni ya kila mtu. Odyek atakaa palepale. Nimemwongezea mafuta ya taa na betri za redio, tena nimemwambia akiona mtu na tepu apige kelele.

Anacheka tu. Anasema, "Mama, mimi nimelinda ghala ya mabomu, nitaogopa mtu na tepu?"

Ukitaka niamini hujanunuliwa, nipe hesabu. Rasimu inasema eneo la makaburi ni "takriban hekta kumi na tano". Takriban ni neno la mwizi. Wanakata ngapi? Wanakatia wapi? Wewe ndiye uliyeshika tepu.

Nabangala


Kambini,
27 Januari 2025

Mama Moreen,

Umenitukana, na tusi lako limenilaza njaa kuliko mfungo. Basi chukua ukweli, na ukae nao moyoni.

Mwezi wa kumi nilipima kipande chako hatua kwa hatua. Hapakuwa na kaburi. Mwezi wa kumi na mbili nikarudishwa "kuhakiki", nikayakuta sita kati ya mistari yako ya miti, ya saruji, yamepakwa maziwa na kinyesi cha ng'ombe ili yaote kuvu yaonekane ya mababu. Niliyashika. Yalikuwa bado na joto la saruji mbichi.

Unajua mila ya hapa. Penye kiggya, makaburi ya ukoo, pana mwenyewe. Mpango ukikubali kwamba kiggya kile kilikuwepo kabla ya msitu kutangazwa wa serikali, basi mpaka unasogezwa, ardhi inatoka msituni inakuwa ya familia, na familia inauza. Ndiyo biashara yote hiyo, hakuna kingine.

Eneo ni hekta kumi na nne nukta sita. Hiyo nambari haimo kwenye karatasi yoyote. Tunaijua watu watatu: mkuu wa timu, Afande, na wa tatu ni mimi. Nimekupa uamini kwamba mbuzi hawajaninunua. Usiitamke.

Makaburi yale ni matupu. Kaburi tupu halimdhuru mtu, Mama Moreen. Liache tupu.

Na Odyek, je? Umemtoa?

Hamdun


Kansanga,
9 Februari 2025

Baba Faizal,

Leo nakusalimu vizuri, wewe na Mama Faizal na Faizal, maana nina furaha ya mtu aliyepiga ngumi ikafika.

Mkutano wa maoni ulikuwa jana, kwenye ukumbi wa shule. Nilikutafuta, wakasema wapimaji hamkuruhusiwa kutoka kambini. Afande wako nimemwona. Nilidhani nitaona jitu, kumbe mtu mfupi, ameshika kofia mapajani kama mwalimu wa Jumapili.

Mkuu wa timu akasoma rasimu yake, kanda hii, kanda ile. Alipofika kwenye zambarau nikasimama. Nikasema, "Bwana, hiyo 'takriban kumi na tano' yako, sema kweli yake. Ni kumi na nne nukta sita." Ungeona uso wake! Alifungua faili, akafunga, akamtazama Afande.

Afande akainuka taratibu. "Mama, hesabu zako ni nzuri sana. Nani alikufundisha?"

Nikamjibu, "Chapati, Afande. Ukigawa donge la unga miaka kumi, nukta hazikupotei."

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Najua uliniambia nisiitamke, lakini ilikuwa lazima, bila nambari hao wangenizungusha kwa maneno hadi jua lizame. Wala jina lako halikutoka.

Kisha nikatumia ile siri yako ya pili. Umesema makaburi ni matupu? Nikaomba yafunguliwe! Mbele ya polisi, na daktari atoke hospitali ya Mulago, atuambie hao mababu walikufa lini. Wenye leseni wote wakapiga makofi. Mwenyekiti ameandika: yafunguliwe tarehe saba Machi.

Unajua Afande alisema nini? "Vizuri sana. Tutafungua. Mama atawakuta watu wake."

Nimecheka njia nzima hadi Kansanga. Watu wangu! Mtu anafungua sanduku tupu halafu anajigamba.

Odyek yuko, mzima. Wiki ijayo nampelekea gamubuti mpya.

Nabangala


Kambini,
12 Februari 2025

Mama Moreen,

Umefanya nini? Umefanya nini, wewe mwanamke?

Nilikwambia liache tupu. Nilidhani umeelewa, na mimi kuandika wazi zaidi niliogopa. Sasa naandika wazi. Umeomba yafunguliwe, kwa hiyo hayawezi tena kuwa matupu. Watayajaza.

Mifupa wameipata, usiniulize wapi. Imekuja kwenye magunia ya mkaa, nami nilikuwa nimesimama pale na kalamu sikioni. Sita yamejazwa. Nilifikiri yameisha. Lakini mifupa haisemi saruji ilishushwa lini, na siku ya kufungua polisi wataanza kuuliza. Nani aliyeiona saruji ikishushwa? Mmoja tu, na anakaa peke yake kwenye kibanda.

Jana nimepita kipande cha tisa. Kuna shimo la saba. Rasimu ina makaburi sita.

Mtoe leo. Usingoje kesho, usingoje gamubuti. Nimemwambia Tresor aendeshe bila kusimama popote.

Hamdun


Kansanga,
14 Februari 2025

Baba Faizal,

Nimefika saa nne asubuhi ya siku ile ile niliyopata barua. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Redio inasema. Posho yake ya ugali imeungua chini ya sufuria, juu bado mbichi, mwiko umesimama ndani. Mtu hawezi kwenda safari akaacha mwiko hivyo.

Nimeita jina lake kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Miti ile niliipanda imenyooka ili mtu asijifiche ndani yake. Sikuona mtu.

Sikwenda kuliangalia hilo shimo. Nilifika karibu kiasi cha kuona udongo mwekundu umerundikwa, nikarudi nyuma.

Nikaenda kituo cha polisi. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake?" Nikasema mimi ni mwajiri wake. "Basi hesabu vitu vyako kwanza, nyabo, walinzi hukimbia na vitu." Nikamwambia redio ipo, panga lipo, pampu ipo. Akasema, "Basi atarudi kuvichukua." Na akafunga kitabu.

Waambie nimeacha. Unanisikia? Miti waichukue, hekta kumi na nne, hekta ishirini, na majani waokote. Mimi niliapa sitaondoka pale hadi nivune, leo navunja kiapo changu. Odyek alipanda na mimi tangu mche wa kwanza. Ana watoto wanne, wa mwisho alimpa jina langu, msichana wa kabila la Lango anaitwa Nabangala, umeshawahi kusikia kitu kama hicho?

Nenda kwa huyo mtu mfupi. Muulize anataka nini.

Nabangala


Kambini,
18 Februari 2025

Mama Moreen,

Yuko hai. Naanza na hilo ili ukae chini upumue. Nimemwona kwa macho yangu, kupitia upenyo wa bati. Ameomba tumbaku, nikampa.

Afande anataka karatasi. Nimeiambatisha, imeandikwa tayari, wewe weka jina na sahihi. Inasema kwamba ulipokuja mara ya kwanza kupanda miti uliyakuta makaburi saba. Inasema ulipanda ukiyazunguka kwa heshima. Inasema unaondoa ombi lako la kuyafungua, na kwamba unaiomba ofisi isiruhusu mtu mwingine yeyote kuwasumbua marehemu hao.

Ni uongo, najua. Utie sahihi.

Nimemwambia Afande karatasi hiyo naileta mimi mwenyewe, na Odyek nampokea mimi mwenyewe, mkono kwa mkono. Amekubali haraka. Ni mtu wa adabu ukizungumza naye, hapandishi sauti.

Aliniuliza kidogo kuhusu ile nambari yako ya mkutanoni. Nimemwambia makarani hawa wanaropoka sana. Akacheka, akanitilia mchuzi. Usijali kuhusu hilo, limekwisha.

Nikimtoa Odyek naomba ruhusa nirudi Kisenyi nifunge Ramadhani na wanangu. Nimechoka, Mama Moreen. Nimekuwa mtu wa kusoma barua chooni.

Hamdun


Kansanga,
20 Februari 2025

Baba Faizal,

Nimetia sahihi. Nimeisoma mara mbili kwanza, mazoea ya biashara. Kwenye "saba" nilirudia tena, kisha nikaweka jina.

Moreen aliniona nikilia akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ndiyo kazi ninayoifanya hapa, asife mtu.

Niletee Odyek.

N.


Kansanga,
2 Machi 2025

Baba Faizal,

Ramadhani njema. Najua mwezi huu hukai porini, kwa hiyo barua hii naituma kwako Kisenyi pamoja na tende na sukari. Mama Faizal asinikasirikie, si rushwa, ni shukrani.

Odyek amepiga simu kutoka Lira, kwa simu ya mtu. Amesema, "Mama, mimi niko," kisha ikakatika. Maneno matatu, na mimi nimeyala kama nyama ya Krismasi. Anaogopa kupita kwangu, namwelewa. Nimempa nauli mtu wa basi anayekwenda huko, ampelekee kalamu na karatasi, aniandikie yote bila simu.

Nilikutukana, nakuomba radhi. Nilidhani mbuzi wamekununua, kumbe ulikuwa unatembea katikati ya chui na kikapu cha mayai yangu kichwani. Miti imekwenda. Sawa. Nilianza na jiko moja, nitaanza tena, bado mikono ninayo.

Siku kumi sasa hujaandika. Nadhani una haya kwa sababu ya ile karatasi. Usiwe na haya. Andika mstari mmoja.

Nabangala


Kisenyi,
6 Machi 2025

Bi Nabangala,

Mimi ni Zubaida, mke wa Hamdun. Wewe nakujua kwa jina, na kwa harufu ya mikaratusi kwenye nguo za mume wangu.

Tende zako zimefika na sukari yako imefika. Nimewapa majirani. Barua nimeifungua, maana mwenyewe hayupo wa kuifungua, na unalijua hilo kuliko mimi. Eti mstari mmoja! Unamwandikia mtu aliye chumbani kwako ili mimi nidhani hayuko?

Nimepiga simu yake kila siku. Anaitikia mwanaume mstaarabu, ananiita mama. Amenieleza bila kuficha: "Hamdun alimaliza kazi, akatoka kambini tarehe ishirini na mbili. Alisema anapitia Kansanga kwa mama fulani wa Kenya." Hata huyo mgeni ameona haya kuniambia, nilimsikia sauti yake inavyolegea.

Mimi si mwanamke wa kupigana barabarani. Wazee wetu walifika mji huu na misafara, hatukufika na ugomvi. Ila mwezi huu ni mtukufu. Faizal ana miaka tisa, amefunga kwa mara ya kwanza, na kila magharibi anaweka sahani ya baba yake mkekani. Mimi naiondoa ikiwa safi.

Mfungo ukiisha mkae mkitaka. Sasa mrudishe afuturu na mwanawe.

Zubaida


Lira,
5 Machi 2025

Mama,

Mimi Odyek nasalimia wewe. Naandika pole pole sababu mkono iko na uchungu. Mtu ya basi alileta karatasi, asante.

Wale watu walikuja wakati napika. Walisema Afande anaita wewe, twende. Waliniweka kwa nyumba ya mabati nyuma ya kambi. Chakula walinipa, kupiga hawakupiga sana. Siku moja walinitoa, walisema hii shimo ni fupi, chimba. Mimi nilichimba. Afande alisema, "Odyek, lala ndani tuone kama inatosha." Mimi nililala. Niliangalia juu, niliona miti yetu, imekuwa mirefu Mama. Wao walicheka, wakanitoa.

Halafu Hamdun alikuja na karatasi yako, tulikutana pale kwa shimo. Afande alisoma, alisema sawa, huyu mama ana akili. Aliniambia nenda kwenu, kwa Kansanga usipite. Mimi nilimwambia Hamdun twende. Yeye alikuwa anakuja, tulikuwa tunatoka pamoja. Afande alimshika kwa bega, bila nguvu, alisema, "Mpimaji abaki kidogo. Kuna nambari moja anatufafanulia."

Hamdun alitoa koti yake alinipa, alisema una baridi. Kweli nilikuwa natetemeka lakini baridi haikuwa. Aliniambia, "Tembea, usikimbie, usigeuke."

Mimi sikugeuka. Lakini masikio haina kifuniko. Mimi nilisikia koleo, wanachanganya saruji. Wakati natoka ile shimo ilikuwa wazi, haina mtu. Sasa sijui, Mama. Mimi sikuona. Nasema kile nilisikia peke yake.

Yeye alifika nyumbani? Niambie alifika.

Koti iko hapa. Sijavaa tena. Mke yake akitaka nitatuma.

Usiniite kwa kazi.

Odyek


Kansanga,
9 Machi 2025

Mama Faizal,

Mumeo hayuko kwangu. Ningetoa kila nilichonacho awe kwangu, unitukane mlangoni kwa haki, watu wajae, nami nimtoe nje kwa mkono nikukabidhi.

Jana nimeletewa barua na mtu wa basi. Nakupa na wewe uisome, lakini kaa chini kwanza, na mwanao asiwe karibu. Imeandikwa na mlinzi wangu. Soma mpaka kwenye koti.

Aliyekwambia habari za Kansanga kwenye simu ni mtu wa hao hao. Amejua wivu utakufanya ungoje mwezi mzima bila kuuliza kituo chochote cha polisi. Amehesabu vizuri. Mimi ambaye najiona bingwa wa hesabu, yeye amenishinda.

Nitakwambia na sehemu yangu, uamue kama utaniingiza ndani. Hamdun alinipa nambari ya siri, akaniambia nisiitamke. Niliitamka mbele ya ukumbi mzima, nikashangiliwa. Siku ile nilijiona nimewapiga. Watu watatu waliijua, na wawili kati yao walikuwa wamekaa mbele yangu, kwa hiyo Afande hakuwa na haja ya kukokotoa chochote. Nimeshinda nalo usiku na mchana tangu jana, naligeuza, halibadiliki.

Na sasa lipo la pili. Kuna karatasi yenye jina langu inayosema makaburi ni saba, ni ya mababu, na mtu asiyaguse. Mpango umepita wiki hii, nimekwenda kuuona ukutani. Zambarau imebaki. Chini yake wameandika kwamba mwenye leseni mwenyewe ameomba marehemu wasisumbuliwe. Nilipoomba yafunguliwe hayakuwa na mtu. Leo huenda yana watu, na mimi ndiye niliyeyafunga.

Nikienda kituoni peke yangu wataniuliza nina undugu gani na Hamdun, kisha watanionyesha sahihi yangu. Lakini wewe ni mke. Mke hakutia sahihi popote. Mke akisema mume wangu alikuwa msitu ule tarehe ishirini na mbili na hakutoka, lazima mtu aandike. Tukikataliwa cha kwanza tutakwenda cha pili, kisha kwa hakimu, kisha kwa masheikh wenu wapige kelele msikitini, mpaka lile la saba lifunguliwe. Huenda ni tupu. Huenda wamemshika mahali kama walivyomshika Odyek, na yuko hai, anaomba maji. Naomba niwe mjinga mara nyingine tena.

Naogopa, Mama Faizal. Tangu jana kuna pikipiki imesimama ng'ambo ya duka langu, dereva habebi abiria. Moreen nimempeleka kwa rafiki. Barua hii anakuletea Tresor mkononi, usimpe mtu mwingine jibu.

Kesho asubuhi ninakuja Kisenyi. Nitavaa mtandio, nitapita kwa nyuma, upande wa gereji. Ukinifungulia, twende. Usiponifungulia, nitakwenda hivyo hivyo na karatasi yao wanionyeshe.

Faizal usimwambie bado. Mwache afuturu kwanza.

Nabangala